Adhuhuri ya Dodoma na saa ya taifa: jinsi zama za kisasa zilivyobadili sanaa, jamii na fikra

Simama katikati ya mji wa Dodoma saa sita kamili mchana, uangalie kivuli chako. Jua bado halijafika kileleni. Saa za Tanzania nzima zimefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haugusi ardhi yetu popote: unakatiza Somalia, unaingia baharini, unapita Madagaska. Dodoma iko karibu na nyuzi 35.7. Kila nyuzi moja ni dakika 4 za mwendo wa jua, kwa hiyo adhuhuri halisi ya Dodoma huchelewa kwa wastani wa dakika 37. Mwanzoni mwa Novemba hufika kama saa sita na dakika 21. Katikati ya Februari kama saa sita na dakika 51. Dar es Salaam huchelewa kwa dakika 23 hivi kwa wastani, na Kigoma kwa zaidi ya saa nzima.

Hakuna aliyekosea hesabu. Ulikuwa uamuzi, na ndani ya uamuzi huo mdogo mna karibu kila kinachozitofautisha zama za kisasa na zile zilizotangulia. Kitu kilichokuwa mali ya mahali fulani, adhuhuri ya hapa anayoiona kila mwenye kivuli, kinang'olewa kutoka mahali pake, kinapewa kipimo kimoja, kisha kinarudishwa kwa watu wote kikiwa sawasawa. Ukilishika tendo hilo la kung'oa na kupima, mambo mengi yanayoonekana hayahusiani yataanza kushikamana: kwa nini wachoraji wa Ulaya waliacha kuchora sura kama zilivyo, kwa nini karanga za Kongwa zilishindwa, kwa nini baadhi ya mitaa ya Dodoma huitwa kwa herufi, na kwa nini ilimba ya Mgogo, ala ya ndimi za chuma juu ya sanduku, hugombana na kinanda cha kanisani.

Treni haikumsubiri mtu

Kabla ya reli, kila mji ulikuwa na adhuhuri yake, Ulaya na Marekani pia. Miji miwili iliyopishana kwa dakika kumi haikuona shida, kwa sababu hakuna aliyesafiri kwa kasi ya kuligundua hilo. Treni ndiyo iliyoleta tatizo. Treni mbili zinazotumia njia moja huku kila moja ikifuata saa yake zinaweza kugongana. Mwaka 1884 wajumbe wa mataifa 25 walikutana Washington wakapitisha mstari wa Greenwich kuwa mwanzo wa kuhesabia longitudo, na mfumo wa saa za kanda ukaenea baada ya hapo.

Huku kwetu Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Kigoma 1914. Mji wa Dodoma wenyewe ulianzishwa 1907 kwa ajili ya reli hiyo. Kabla yake, njia kuu ya misafara kati ya pwani na Tabora ilipita Ugogo, na misafara ililipa hongo kwa watemi ili ipite na kupata maji. Urefu wa safari ulitegemea visima, mvua, afya ya wapagazi na mazungumzo na mtemi, mazungumzo yaliyoweza kuchukua siku kadhaa. Treni iliyafuta yote hayo kwa mara moja. Haikulipa hongo, haikusubiri mashauriano, na iliondoka kwa saa iliyoandikwa kwenye karatasi.

Hata hivyo hatukuacha hesabu yetu. Tunahesabu saa kuanzia alfajiri na machweo, na ratiba huhesabu kuanzia usiku wa manane. Kwa hiyo kila msafiri wa Tanzania hufanya tafsiri kichwani kwa kuongeza au kutoa sita: 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Makosa hutokea sehemu mbili. La kwanza ni mtu kusoma 6:00 akadhani ni saa sita. La pili ni baya zaidi, kwa sababu linahusu siku. Tiketi ya saa 00:30 Ijumaa ni ya usiku tunaouita wa kuamkia Ijumaa, yaani mtu aende stesheni Alhamisi akishakula chakula cha usiku. Wapo wanaofika Ijumaa usiku na kukuta treni iliondoka jana yake. Hapo hesabu mbili za wakati zinaishi ndani ya kichwa kimoja, na hali hiyo ndiyo ya kawaida katika zama za kisasa: jipya halikulifuta la zamani, yalikaa pamoja na mtu akalazimika kujua lipi linatumika wapi.

Kamera na kazi ya mchoraji

Sanaa ilipitia mng'oko huohuo, na chanzo chake si mawazo matupu ya wasanii. Mwaka 1839 njia ya Daguerre ya kupiga picha ilitangazwa Ufaransa. Kwa karne nyingi wachoraji walikuwa wamelipwa kutunza sura: ya mfalme, ya tajiri, ya mke wake. Kamera ilipoanza kufanya kazi hiyo kwa bei nafuu, swali likawa picha ya kuchorwa ni ya nini sasa. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alisajili kopo laini la bati la kubinya rangi, kama la dawa ya meno. Kabla ya hapo rangi ilisagwa karakana na kuhifadhiwa ndani ya vibofu vya nguruwe vilivyopasuka na kukausha rangi. Kwa kopo la Rand mchoraji aliweza kwenda shambani na rangi zake, akachora mwanga wa saa tisa kabla haujawa mwanga wa saa kumi. Mwaka 1874 kundi la wachoraji waliofanya kazi kwa namna hiyo walionyesha picha zao Paris, na watazamaji wengi waliona zimeachwa nusu njia. Wachoraji wale walichora namna jicho linavyopokea mwanga, na kazi ya kuorodhesha vitu wakaiachia kamera.

Kutoka hapo hatua zilifuatana kwa kasi. Mwaka 1907, mwaka uleule Dodoma ilipoanzishwa, Picasso alichora Paris picha ya wanawake watano ambao nyuso za wawili kati yao zimevunjwavunjwa kama vinyago. Alikuwa ametembelea jumba la makumbusho la Trocadéro, ambako vinyago vya Afrika vilipangwa kama vielelezo. Mwaka 1917 Marcel Duchamp alipeleka bakuli la kukojolea kwenye maonyesho New York, akidai kwamba kuchagua kitu na kukiweka mahali pa sanaa kunatosha kukifanya sanaa. Maonyesho yalilikataa.

Watu wengi huishia hapo wakisema sanaa ya kisasa ni wendawazimu. Tazama tena vile vinyago. Kinyago kilicholetwa Trocadéro kilikuwa kimeondolewa kwenye mwili wa mchezaji, kwenye ngoma, kwenye msimu, kwenye hofu na kicheko cha watazamaji. Kilichobaki ni umbo: pua ndefu, macho ya mstari, mashavu yaliyokatwa bapa. Picasso na wenzake walijifunza kutoka kwenye umbo hilo, na somo lilikuwa la kweli, ila walijifunza kutoka kwa kitu kilichonyamazishwa. Nusu ya pili ya habari hii huachwa mara nyingi, nayo ni yetu: miaka ileile ambayo vita vya Maji Maji vilikuwa vinazimwa, vitu vya watu wa nchi hii vilikuwa vikipakiwa masanduku kwenda Berlin.

Kwa upande wa fasihi yetu, mng'oko ulikuja baadaye na ukaleta ugomvi mkali. Shairi la kimapokeo lina ubeti wa mishororo minne, kila mshororo una mizani 16 iliyogawanywa nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vikilingana. Kanuni hizo zilitokana na uimbaji. Mizani hulinda pumzi na tuni. Mashairi yakawa yanasomwa kimyakimya kitabuni na gazetini, na swali likawa lilelile la kamera: mizani inalinda nini ikiwa hakuna anayeimba? Euphrase Kezilahabi alijibu kwa kuchapisha diwani ya mashairi huru mwaka 1974, na wanamapokeo wakaona ushairi umevunjwa. Ukiyasoma mabishano yale leo utaona kila upande ulikuwa unatetea kitu halisi: mmoja sauti, mwingine ukurasa.

Kolo: picha ambayo haikuwa ya kutazamwa

Ukitaka kuona kwa macho tofauti kati ya sanaa ya zamani na ya kisasa, huna haja ya kwenda Paris. Nenda Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, kando ya barabara ya Arusha. Eneo la michoro ya miambani ya Kondoa liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336 na mapango zaidi ya 150 yenye michoro. Ile myekundu, ya watu wembamba na wanyama kama twiga na pofu, huhusishwa na wawindaji wa kale. Ile meupe, iliyo minene na ya kupakwa kwa vidole, ni ya wakulima na wafugaji waliokuja baadaye. Wekundu hutoka kwenye mawe yenye madini ya chuma, yaliyosagwa na kuchanganywa na kitu cha kushikisha.

Watafiti waliokaa na Wasandawe katika karne ya 20 waliambiwa jambo linalobadili kila kitu: kuchora kwenyewe kulikuwa sehemu ya tambiko, kwa mfano la mawindo. Ndiyo maana michoro imerundikwa juu ya michoro mingine, wakati pembeni kuna ukuta mtupu. Aliyechora hakuwa anatafuta nafasi safi ya picha yake ionekane. Alikuwa anaongeza nguvu mahali ambapo nguvu ilishathibitika.

Mary Leakey alipoinakili michoro hii mwanzoni mwa miaka ya 1950, alifanya kazi kubwa ya kuiokoa kwenye karatasi, kwa sababu rangi inachakaa. Lakini karatasi humtenganisha twiga na mwamba, mwamba na mlima, mlima na watu wanaoutumia. Na watu bado wanautumia. Mahali panapoitwa Mungomi wa Kolo bado ni pa kuombea mvua na uponyaji, na katika matambiko pombe huweza kurushiwa mwambani. Hapo mtunza urithi na mwenye tambiko wanagongana kweli. Kwa wa kwanza, thamani iko kwenye rangi, na kioevu chochote ni adui: huyeyusha chumvi iliyo ndani ya jiwe, chumvi hutoka juu na kuganda, na ngozi ya jiwe hubanduka pamoja na mchoro. Kwa wa pili, thamani iko kwenye tendo, na mwamba usiopewa chochote umeachwa ufe. Kuwafukuza wenye tambiko huleta hasara ya aina nyingine, kwa sababu jamii iliyofungiwa nje haina sababu ya kulinda. Michoro imeharibiwa pia na wachimbaji wanaosaka mali inayosemekana kufichwa na Wajerumani, na mlinzi wa kweli dhidi yao ni jirani anayeuheshimu mlima.

Kwa mgeni, sheria ya kwanza ni moja: usimwagie maji mchoro ili picha ya simu itoke vizuri. Rangi hung'aa kwa dakika chache, na kila mara inapokauka hupoteza kidogo. Nenda asubuhi au jioni wakati mwanga unaingia kwa ubavu, simama pembeni badala ya kukabili ukuta, na subiri jicho lizoee kivuli. Mistari itajitokeza yenyewe.

Mvua kwenye mkebe

Mabadiliko ya fikra husimuliwa kwa majina makubwa: Darwin 1859, Freud karne ya 20 inapoingia, Einstein 1905. Majina hayo ni ya haki, lakini kwa mkulima wa Dodoma badiliko la fikra lilikuja kwa mkebe wa kupimia mvua. Milimita moja ya mvua ni lita moja juu ya kila mita ya mraba. Dodoma hupata kwa wastani kama milimita 550 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Paa la bati la mita za mraba 50, ukiondoa asilimia 20 inayopotea, linaweza kukinga lita 22,000. Hesabu hiyo ni nguvu halisi. Mtemi hakuwa nayo.

Mtemi alikuwa na nyingine. Kwa Wagogo alikuwa mwenye dhamana ya mvua, na tambiko la mvua lilikuwa pia wakati wa kusuluhisha ugomvi, kupanga kupanda na kukumbushana nani anamdai nani ng'ombe. Wakoloni walimchukua mtu huyohuyo wakamfanya mkusanya kodi. Mvua ikaenda kwa mtaalamu wa hali ya hewa, mashauri yakaenda mahakamani, dini ikaenda kanisani na msikitini. Kila kipande kilipata mtaalamu wake, na kila kimoja pengine kilifanywa kwa ustadi zaidi. Kilichokosekana ni mahali pa kukutanishia vipande.

Hasara ya kukosa mahali hapo ilionekana Kongwa kuliko popote. Mwaka 1946 ujumbe wa Uingereza ulizunguka Tanganyika kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza mashamba ya karanga ya zaidi ya ekari milioni 3 ili kuziba upungufu wa mafuta ya kula Uingereza baada ya vita. Kazi ilianza Kongwa 1947. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizosafishwa zilikuwa kama 7,500. Vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta viliharibika. Mibuyu na vichaka vyenye mizizi iliyosokotana vilivunja majembe. Kisha udongo wenyewe: ule mfinyanzi wa Kongwa mvua ikinyesha hushikana, jua likiwaka huwa kama tofali, na karanga huzaa chini ya ardhi. Hata pale zilipostawi, hazikuchimbika. Januari 1951 mradi ulifutwa baada ya kula pauni milioni 36.

Wasimulizi hupenda kuwacheka Waingereza hapa. Kosa ni zito kuliko kichekesho. Wastani wa mvua waliutumia, lakini wastani hauoteshi kitu. Ugogo mwaka mmoja hupata ya kutosha na mwaka unaofuata hupata nusu yake, au hupata yote kwa vishindo vichache. Mgogo alilijua hilo na alijipanga hivyo: uwele na mtama vinavyovumilia ukame, mashamba kadhaa yaliyo mbalimbali ili mvua ikikosa hapa ipate kule, na ng'ombe waliotawanywa kwa ndugu na marafiki wasife wote mahali pamoja. Ujuzi huo haukuwa umeandikwa kwenye jedwali, basi kwa mpangaji haukuwapo. Baadaye sehemu ya ardhi ile ikawa ranchi ya ng'ombe, jambo ambalo mwenyeji yeyote angelisema bila kulipwa.

Mitaa ya herufi

Dodoma ya mkoloni ilipangwa kwa kanda: Wazungu upande wao, Wahindi upande wao, Waafrika upande wao. Jina la Uhindini linabaki mjini kama ushahidi. Huko Ulaya, mwaka 1933, wasanifu majengo wa mkondo mpya walikubaliana kwamba mji mzuri hugawanywa kwa kazi nne: makazi, ajira, mapumziko na usafiri, kila moja na eneo lake. Ni mkono uleule wa kutenganisha, sasa ukitumia dira na rula.

TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa, nafasi ya kufanya tofauti ilikuwapo. Mpango mkuu wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, ulikataa majengo ya kujionyesha. Vilima vibaki wazi, nyumba ziwe fupi, mji uwe mkusanyiko wa jumuiya ambazo mtu anaweza kutembea kwa miguu hadi shule, sokoni na kituo cha basi. Kwa maoni yangu ni moja ya fikra bora za mipango miji zilizowahi kuandikwa barani Afrika, kwa sababu ilijaribu kurudisha pamoja vilivyotenganishwa.

Ilikwama kwenye mpangilio wa hatua. Mpango wa aina hii unataka mfuatano: upimaji kwanza, kisha mabomba na mitaro, kisha barabara, kisha viwanja kugawiwa, nyumba mwisho. Fedha zilikuja kwa matone na watu walikuja kwa kishindo. Mwananchi hawezi kusubiri kiwanja miaka minane akiwa na watoto, basi akajenga. Mfuatano ukageuka: nyumba kwanza, njia ya kupita baadaye, bomba mwisho, na barabara ilipokuja ikakuta ukuta wa mtu. Kila hatua iliyopitwa hugharimu zaidi kuirudia kuliko kuifanya kwa wakati wake, na gharama hiyo huitwa fidia au bomoabomoa. CDA ilivunjwa 2017, baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia kweli. Dodoma ikawa jiji Aprili 2018, na Mji wa Serikali ukaota Mtumba, mashariki mwa jiji. Area A, Area C na Area D bado zina majina ya kwenye ramani. Watu wanaishi humo, wanaoana, wanazika, na herufi zimeanza kuwa na harufu ya kwao.

Ilimba na kinanda

Muziki ndio mahali ambapo kung'oa na kupima husikika kwa sikio. Muziki wa Wagogo ulikuwa na majira na kazi. Muheme, ngoma zinazopigwa na wanawake zikiwa zimebanwa katikati ya mapaja, zilikuwa za shughuli za jando na unyago. Nyimbo nyingine zilingoja mavuno. Hakuna aliyeuliza wimbo una dakika ngapi. Uliisha pale shughuli ilipoisha.

Santuri ilileta dakika. Sahani ya inchi 10 inayozunguka mara 78 kwa dakika hubeba kama dakika 3 kila upande, basi. Redio ilipoanza Dar es Salaam mwaka 1951 iliendeleza mazoea hayo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi ilimba na zeze za Ugogo, na tunashukuru rekodi hizo zipo, ila zinasikika kama sampuli kwa sababu ndivyo zilivyo. Baada ya uhuru jukwaa likafanya kazi kama ya santuri. Wizara ya utamaduni iliundwa 1962, kikundi cha taifa cha ngoma kikafuata, na ngoma iliyozoea kuzunguka duara ikageuzwa mstari unaotazama watazamaji, ikafupishwa ili makabila kadhaa yatoshe kwenye saa moja. Lakini bila jukwaa hilo Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki Desemba 2003, asingeifikisha ilimba Bagamoyo na kisha Ulaya, wala asingepata sababu ya kutengeneza ilimba kubwa zenye ndimi nyingi kuliko za wazee wake. Chamwino leo huandaliwa tamasha la muziki wa Kigogo, na vijana hushindana kwa ustadi ambao usingekuzwa na shughuli za kijijini peke yake.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Uzi ukipigwa hutoa sauti kuu na, ndani yake, sauti nyembamba zenye kasi mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea. Wataalamu walioupima muziki wa Kigogo walikuta kwamba ngazi yake inafuata sauti hizo za asili, ya nne hadi ya tisa. Ndiyo maana waimbaji wa Ugogo wakishikana sauti unasikia kama hewa yenyewe inavuma. Kinanda cha kisasa kimepimwa kwa njia nyingine: oktavu, yaani umbali kutoka sauti moja hadi ile yenye kasi mara mbili, imegawanywa hatua 12 zilizo sawa kabisa, kila hatua ikihesabiwa vipande 100 viitwavyo senti, ili wimbo uhamishwe kutoka ufunguo hadi ufunguo bila kuharibika. Usawa huo una bei. Sauti ya tano ya asili iko chini ya kibonye cha kinanda kwa senti 14. Ya saba iko chini kwa senti 31, karibu theluthi ya hatua, na sikio lolote hulisikia hilo. Wamisionari waliofika Mpwapwa tangu miaka ya 1870 walileta nyimbo zilizopangwa kwa do-re-mi, na do-re-mi haina mahali pa kuandika sauti hiyo ya saba. Wanakwaya walioimba kama walivyozoea nyumbani waliambiwa wanashuka sauti. Hawakuwa wanashuka. Walikuwa wamesimama juu ya kipimo kingine.

Ulimi wa chuma wa ilimba hutuniwa kwa kuusukuma ndani au kuuvuta nje. Ukiwa mfupi hupanda, na nta kidogo chini ya ncha huushusha. Kasi ya ulimi hubadilika kinyume na mraba wa urefu wake, kwa hiyo ulimi wenye milimita 50 zinazotikisika ukifupishwa kwa chini ya nusu milimita hupanda senti 31. Hicho ndicho kimo chote kati ya Ugogo na kinanda. Fundi anayetunia ilimba "ikubaliane" na kinanda studio huifanya kazi hiyo kwa dakika kumi, na ile sauti ya saba inatoweka kwenye rekodi. Kosa la pili la studio ni kusafisha mvumo. Kwenye sanduku la ilimba kuna tundu lililofunikwa na utando wa yai la buibui, makusudi, ili kila mlio uwe na mtetemo. Fundi asiyejua huuona ni kelele, akaukata kwa programu.

Njia ya kufanya vizuri ipo, na ni ya kisasa kabisa. Usiiguse ilimba. Rekodi sauti yake kuu, tafuta kibonye kilicho karibu nayo zaidi, kisha ingia kwenye mpangilio wa ngazi wa kinanda cha umeme; vingi vinaruhusu kila kibonye kitunwe peke yake. Kwanza shusha au pandisha kinanda kizima hadi kibonye hicho kilingane na ilimba. Halafu, tukichukulia sauti kuu ni C, pandisha D kwa senti 4, shusha E kwa senti 14, pandisha G kwa senti 2, shusha B-flati kwa senti 31. Vibonye vingine usivitumie kwenye wimbo huo, na usibadilishe ufunguo katikati, kwa sababu marekebisho haya ni ya C peke yake. Weka kipaza sauti kimoja karibu na tundu la utando na kingine mbele ya ndimi, uvichanganye kwa sikio la mpigaji mwenyewe.